Matanga ya Mzabibu

Paukwa!

Pakawa!

Wenye masikio?

Tupo!

Wenye usingizi?

Wakanawe uso!

Haya. Hapo kale, kale sana, Pimbi na Nungunungu walikuwa majirani. Kila mmoja alikuwa na mzabibu uani kwake.

Mzabibu wa Pimbi ulikuwa na majani, jamani! Majani juu ya majani. Ulipanda kichanja, ukapanda paa, ukaanza kuingia dirishani. Pimbi akajisifu, "Tazameni kivuli hicho!" Zabibu je? Tatu. Tena chachu. Msicheke, wapo humu wenye mashamba ya namna hiyo.

Siku moja Nungunungu akapanda kichanjani kwake, akaanza kuukata mzabibu wake kwa meno. Kacha! Kacha! Kacha! Akaacha shina na vijiti vifupi vyenye macho ya kuchipulia. Pale alipokata, maji yakaanza kudondoka. To. To. To.

Pimbi akachungulia. Akapiga yowe, "Njooni, Nungunungu kaua! Maiti yenyewe bado inalia machozi!"

Wanyama wakaja mbio. Wa kwanza alikuwa Fisi, na sahani yake mkononi. "Poleni wafiwa," akasema. "Chakula saa ngapi?"

Akaja pia Jumbe Nyati, mkuu wa kijiji. Akauzunguka mzabibu mara tatu. "Nungunungu, umeuua."

"Hapana, Jumbe. Nimeupunguzia mzigo. Hayo ni maji tu, yanapanda kutoka mizizini. Utachipua."

"Nakupa siku tisa. Usipochipua, utahama kijiji hiki, na bustani yako nitampa Pimbi. Kwa sasa, tukae matanga."

Nungunungu aliumia moyo. Bustani ile aliilima mama yake, na hakuwa na kwingine kwa kwenda. Lakini afanyeje? Na mwenye msiba, mnajua wenyewe, ndiye anayelisha waliaji.

Siku ya tatu, kunde zikaisha. Nungunungu akautazama mzabibu. Mkavu. Fisi akalia, "Uuwii, marehemu alikuwa mwema! Ongezeni mlenda!"

Siku ya sita, karanga za mbegu zikaisha. Nungunungu akautazama mzabibu. Mkavu. Fisi akalia, "Uuwii, marehemu alinipenda! Ongezeni ugali!" Pimbi naye alikuwa anaipima bustani kwa hatua, moja, mbili, tatu. Nungunungu akaanza kufunga vyungu vyake.

Siku ya tisa, asubuhi, akautazama tena. Vijiti vilikuwa vimetoa vinundu vya kijani.

"Umechipua!" akapiga kelele. "Jumbe, umechipua!"

Fisi akaja mbio, mdomo umejaa. "Hayo ni majipu! Marehemu kaota majipu! Matanga yaendelee!"

Jumbe Nyati akasogeza jicho karibu. Akaona kajani kadogo kanafunguka, kama sikio la panya.

"Fisi, jipu gani linaota jani? Matanga yamevunjwa. Kila mtu kwao!"

Miezi ikapita. Zabibu zikaning'inia vishada kwa vishada, tamu, zimejaa maji. Basi waliaji wakarudi na vikapu, Fisi mbele.

"Jirani, tulikaa nawe kwenye shida," akasema.

"Ni kweli, mlikaa," Nungunungu akajibu. "Mkala mpaka mbegu zangu. Lakini ninyi mliuzika mzabibu huu. Nani kati yenu aliona marehemu akizaa? Nendeni kwa Pimbi, wake mzima, una kivuli kizuri."

Wakaenda. Wakakaa kivulini, wakatafuna majani. Fisi akatema, akasema ni machungu.

Pimbi peke yake alibaki mlangoni kwa Nungunungu, kichwa chini.

"Jirani, nisamehe. Nilitamani bustani yako."

"Nilikuona ukipima."

"Meno yako bado makali?"

"Makali."

"Basi njoo unikatie na wangu. Lakini kwanza nifunge macho kwa kitambaa."

Nungunungu akamfunga, akapanda kichanjani. Kacha! Pimbi akalia. Kacha! Pimbi akalia zaidi. Kacha! Siku hiyo Pimbi alitoa machozi mengi kuliko mzabibu.

Basi wanangu, anayeogopa kukata hula majani. Na anayekuja msibani na sahani, msimwulize kama mgonjwa amepona.

Hadithi yangu nimeikata hapa. Mwenye nyingine, aichipushe.

Na aichipushe!