Vidirisha vya Mzee Kiluwa

Paliondokea fundi wa tovuti aitwaye Ngwali, mvivu wa kutupwa kwa kauli yake mwenyewe. Siku moja tajiri wake, Mzee Kiluwa, muuza magodoro mtandaoni, alimjia juu.

"Weka vidirisha vya matangazo! Mteja akifungua tu duka letu, vimrukie usoni. La sivyo, kazi huna."

"Tajiri, mgeni hata viatu hajavua, tushamrukia? Si atakimbia?"

"Nani mwenye akili hapa, mimi au wewe?"

"Wewe, Mzee. Mimi hata kuoga huwa naahirisha."

Ngwali akaviweka. Kesho yake Mzee Kiluwa alifungua duka kwenye simu yake, na kidirisha cha kwanza kilipochomoza akacheka kwa furaha. Alipokifunga kikaja kingine, na kingine tena, mpaka jioni ikamkuta hajaona godoro hata moja.

"Viondoe!" alifoka. "Wateja wangu wote watakuwa wamekimbia!"

"Wapi, Mzee! Wamenunua kama kawaida," Ngwali alijibu huku akijikuna kisogo. "Si unaujua uvivu wangu? Nilianza na simu yako. Za wateja nilikuwa bado sijazifikia."