Chupa ya Mlangoni

"Chupa ya mlangoni haipimi mvua ya shamba." Mmeisikia kisimani mkacheka, sasa mnataka kujua ilikotoka. Methali hii ilianza hivi, na ilianza kwangu mimi bibi yenu Nyemo, kwa hiyo msiende kuuliza kwingine.

Mwaka ule nilibakiwa na kibuyu kimoja cha mbegu za mtama. Nikizipoteza, wanangu watalala njaa. Bwana shamba alitufundisha kukata chupa ya plastiki, kuipindua shingo ndani yake, kuchora mistari ubavuni, kisha kuisimamisha peupe, mbali na nyumba na miti. Maji yakifika mstari wa tatu, panda. Hayajafika, tulia.

Kutulia! Mimi? Mawingu yalipokusanyika, roho haikukaa. Nilikwenda shambani kuitazama chupa, nikarudi, uji umeungua, nikaenda tena. Siku ya nne miguu ilichoka, roho bado. Nikaing'oa chupa nikaiweka mlangoni, niione nikiwa jikoni.

Alfajiri ikanyesha. Bati lilivuma, nikatoka mbio, maji yamepita mstari wa tatu! Sikunywa hata uji, nikakimbilia shambani na kibuyu changu. Jua lilipopanda, kibuyu kilikuwa kitupu.

Wifi yangu Mbeleje akapita na jembe begani.

"Wifi, umepanda nini?"

"Mtama. Chupa imejaa."

"Mbona yangu haijafika hata mstari wa kwanza?" Akafukua kwa kidole cha mguu. Juu unyevu, chini vumbi. "Chupa yako umeiweka wapi?"

"Mlangoni."

Akanitazama kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko tusi. "Wifi yangu, hayo ni maji ya bati. Umepima paa."

Tukapiga magoti. Shimo kwa shimo, hadi jioni, tukaokota punje kwa vidole. Mimi nisiyejua kutulia! Nusu tuliipata, nusu ikabaki kwa mchwa. Chupa nikairudisha shambani, na ile nusu niliipanda baada ya siku kumi na tano, maji yalipofika kweli.

Tulivuna, lakini kidogo. Baba yenu alikuwa mdogo, akalilia chakula miezi miwili mizima. Maneno ya methali ile Mbeleje aliyasema mara moja tu, siku ile tukiokota punje, kijiji kikayabeba. Sikumkasirikia. Nikisikia mtoto analia njaa, mpaka leo nayasema mwenyewe: chupa ya mlangoni haipimi mvua ya shamba.