Ndoo Nyepesi ya Galma

Wapendwa, wenye watoto wapakateni, wenye simu zizimeni, kisha tushuke kisimani.

Kule kwenye nchi kavu ya kaskazini, kwao mama mkwe wangu, kuna visima ambavyo mababu walivichimba kwa mikono yao. Vina kina kirefu kuliko mnara wa kanisa hili. Hakuna mashine. Wanaume hupangana kwenye ngazi za miti, mmoja juu ya mwenzake, na ndoo za ngozi hupanda mkono kwa mkono hadi kwenye hori la udongo, ambako ng'ombe hunywa. Tena huku wanaimba! Wimbo ndio unaoipandisha ndoo. Ukikosa pigo, ndoo inakumwagikia kichwani. Kila mwenye mifugo ana zamu yake, na yuko mzee wanayemwita baba wa zamu, ambaye neno lake halipingwi. Lakini kuteka si kwa zamu. Wote humtekea kila mmoja.

Basi, palikuwa na wafugaji wawili, Galma na Dulacha. Dulacha alikuwa amemwoa dada yake Galma, lakini huu ulikuwa mwaka wa pili hawajasalimiana. Waligombania nini? Kwenye harusi moja Dulacha alisema kwa utani kwamba nundu ya fahali wa Galma imelala upande kama kofia ya mlevi. Watu walicheka. Galma hakucheka. Naona mnatabasamu. Haya, na ugomvi wako wewe ulianzia wapi?

Asubuhi moja ya kiangazi kikali wote wawili walifika kisimani. Ng'ombe wa Galma walikuwa wametembea siku tatu, ndimi nje. Lakini zamu ya kwanza ilikuwa ya Dulacha. Galma, kwa kuwa alikuwa na nguvu kuliko wote, akapelekwa chini kabisa, mahali pa kujaza ndoo. Maji yalimfika magotini, baridi, safi.

Akasimama pale akawaza: "Kumbe leo mimi ndiye ninayemnyweshea yule bwana?"

Akaanza kuteka nusu ndoo.

Aliyesimama juu yake akaipokea, akashtuka. "Galma, mbona nyepesi?"

"Maji yamepungua," akajibu Galma.

Uongo mtupu! Na magoti yamelowa! Lakini neno lile likapanda ngazi, mdomo kwa mdomo, hadi juu: maji yamepungua. Kule juu hori lilikuwa halijajaa hata robo, na ng'ombe wa Dulacha walikuwa wamezuiwa kando, wakisubiri. Dulacha akatazama lile hori. Akatazama na ng'ombe wa shemeji yake, mbavu zinahesabika. Akamwendea baba wa zamu.

"Mzee, kama maji ni machache, wangu wamekunywa juzi. Watangulize wa Galma."

"Zamu ni yako, mwanangu."

"Ni yangu, ndiyo maana naweza kuitoa."

Je, Galma aliyasikia hayo? Angeyasikiaje? Mle chini nyimbo zinavuma ukutani, hata kengele za ng'ombe wako mwenyewe huzisikii. Akaendelea na nusu ndoo zake, anajichekea. Aliposikia mwito kwamba zamu ya kwanza imekwisha, akapanda ngazi mbio, akatokeza juani anapiga kelele, "Haya, leteni wangu sasa!"

Baba wa zamu akamwambia, "Wako? Wako ndio waliokuwa wanakunywa."

Galma akageuka. Ng'ombe wake walikuwa wanalamba udongo wa hori lililokauka, na kiu bado machoni. Naye Dulacha alikuwa ameshika fimbo, anawakusanya wake.

"Unakwenda wapi?" Galma akamuuliza. Ndilo neno la kwanza kwa miaka miwili.

"Kisima cha ng'ambo, shemeji. Siku mbili. Tutafanyaje, na maji yamepungua?"

Wapendwa, hapo ungefanya nini? Angenyamaza tu, nani angejua? Aliyekuwa chini ni yeye peke yake. Lakini Galma alimtazama yule mtu anayekwenda kutembea siku mbili kwa sababu ya uongo wake.

"Dulacha, rudi," akasema. "Maji hayajapungua. Nimepungua mimi."

Wote wakamtazama baba wa zamu. Mzee akajaribu kukunja uso, ukamshinda, akacheka hadi akajifuta machozi. "Rudi chini, Galma. Utateka hadi wa Dulacha washibe, kisha wako washibe. Na leo wimbo utauanzisha wewe, na utawasifu fahali wa shemeji yako mmoja mmoja."

Sasa, sauti ya Galma ilikuwa kama ya mbuzi aliyenaswa kwenye miiba. Akaimba! Aliwasifia pembe, aliwasifia kwato, na kila ndoo ilipanda imefurika. Aliyeshuka kusimama juu yake na kuipokea alikuwa Dulacha mwenyewe, amelowa maji na anacheka. Jua lilipogeuka, ng'ombe wa wote wawili walikuwa wamechanganyika horini, wamekunywa hadi wanayakataa maji.

Ndugu zangu, sisi tuko chini kisimani. Hatuoni nani anakunywa huko juu. Dada mmoja wa hapa aliniambia, "Mchungaji, sipiki vizuri siku ya kikundi, maana fulani naye atakula." Dada, una hakika sahani hiyo haitafika kwa mwanao? Fundi unayelipua kazi ya ukuta wa shule, unajua ni mtoto wa nani atakayeketi chini yake? Na tukishakosea, tusiogope kulisema lile neno gumu, "nimepungua mimi." Halikumuua Galma. Lilimrudishia shemeji.

Tusimame tuimbe. Na kama uliyesimama naye bega kwa bega ni yule usiyemsalimu, tafadhali, usihame. Mpe mkono.