Kwa Nini Kimea Hungoja Uji Upoe

Zamani za mababu wa mababu, wanangu, ulezi uliolowa ukaota ulikuwa takataka. Mwanamke aliyeukuta ghalani mwake aliona haya, akawamwagia kuku upesi kabla mawifi hawajauona. Kimea, yaani ulezi huo ulioota, hakikuwa na kazi yoyote. Na msicheke, hata nyinyi mngemwaga.

Basi palikuwa na mama mmoja, Tupokigwe, na binti yake Subilaga, aliyeachishwa ziwa karibuni akashikwa na homa. Homa iliisha, koo likagoma. Uji mzito aliutema. Uji mwepesi aliunywa, lakini ulikuwa maji matupu, na mtoto alizidi kukonda hadi mbavu zikahesabika. Maskini mama wa watu, alilia mpaka macho yakavimba.

Masika yale ghala lilivuja, ulezi karibu wote ukaota. Tupokigwe hakuwa na budi, akauanika, akausaga. Akapika uji mzito kwa unga mzuri kidogo uliobaki, na ulipopoa akaunyunyizia ule unga wa ulezi ulioota, wa kushikwa kwa vidole vitatu tu, ili chakula kiongezeke. Lo! Uji ukalegea mbele ya macho yake. Hakuongeza hata tone la maji, ila ulikuwa mwepesi, tena mtamu. Subilaga akanywa, akaongezwa, akalala ameshiba.

Lakini binadamu tuna pupa. Kesho yake Tupokigwe alisema, "Kidogo kimefanya hivi, kingi je? Na moto utakiharakisha." Akamimina kimea chote katika uji uliokuwa ukitokota. Akakoroga, akangoja. Wapi! Uji ulibaki mzito kama udongo wa kufinyangia. Subilaga akautema, akalia njaa.

Mama mkwe wake aliingia jikoni, akatazama chunguni, akaguna.

"Mkamwana, mfanyakazi umemchoma moto, sasa unamdai kazi?"

"Nimemuua mwanangu, mama. Nimekitia chote, hakuna kingine."

"Na uji wa jana umekwisha?"

Kibuyuni ulikuwa umebaki upawa mmoja. Bibi akapika uji mpya, akaweka kiganja ubavuni mwa chungu, akakiondoa, akakirudisha, mpaka kiganja kikavumilia. Ndipo akamimina ule wa jana. Wakakoroga kwa zamu. Taratibu mwiko ukaanza kuwa mwepesi. Kumbe kimea cha jana kilikuwa kizima bado! Kilikwisha kufanya kazi yake mara moja, na sasa kikaifanya tena, wala hakikupungua.

Na tangu siku hiyo mwanamke wa kwetu hatii kimea kabla kiganja chake hakijavumilia joto la chungu. Wala hamalizi kibuyuni togwa yote, yaani uji huo wa kimea. Huacha upawa mmoja wa kuanzia nyingine.

Subilaga alimeza, akanona, akakua, akaolewa, akazaa watoto tisa. Kitinda mimba wake ndiye mama yangu mimi.