Msiba wa Mpiga Mluzi

Hapo zamani za kale, wakati Twiga bado anajifunza kutanua miguu ya mbele ili anywe maji, palikuwa na mgunga mmoja katikati ya mbuga ya udongo mweusi. Kisa chake wapo wanaokisimulia, lakini wanakisimulia kama mtu anayekula ugali bila mboga. Kaeni vizuri, wadogo zangu, mkisikie kwa anayekijua.

Mgunga huyo wanyama walimwita Mama Mgunga. Alikuwa mama mwenye nyumba, na tena mpishi, kwa sababu alichokipika yeye hakuna mnyama aliyeweza kukipika: alipika jua. Asubuhi alilikinga kwa majani yake madogomadogo, akalichanganya na maji aliyoyavuta kwa mizizi, na ikifika saa sita limekwisha kuwa chakula. Mmoja anakula majani, mwingine anamla aliyekula majani, lakini ifuatilie shibe yoyote ya mbuga ile, utaishia jikoni kwa mama kama yeye.

Kwenye matawi yake aliotesha vivimbe vyeusi vya mviringo, vitupu ndani, kila kimoja na miiba mirefu iliyosimama kama mikuki. Hivyo vilikuwa vyumba vya kupangisha. Wapangaji walikuwa sisimizi, na kodi yao ilikuwa ulinzi. Akija mla majani, sisimizi wanatoka mbio wanamuuma puani na kwenye ulimi hadi aondoke. Naye Mama Mgunga aliwawekea tone la uji mtamu chini ya kila jani, wakitoka zamu wanywe.

Miongoni mwao alikuwepo mmoja aitwaye Tashtiti. Kiuno uzi, kichwa kikubwa, na mdomo usiolala. Aliuma kidogo kuliko wenzake na alisema kuliko wote, na kila walipomwambia aongeze bidii alijibu kwamba yeye yumo kwenye mipango.

Wateja wa kufukuzwa walikuwa wawili. Bwana Twiga alikuja asubuhi, mpole, akinyofoa kwa ncha ya ulimi huku akijifanya anatazama mbali. Bibi Tembo alikuja mchana na binti zake na wajukuu, naye hakuwa na ncha ya kitu chochote: akitaka jani, alivunja tawi. Wote wawili waliumwa kila siku, na kila siku waliondoka wakipiga chafya, wakaenda kula mti wa mbele. Kesho yake wakarudi.

Kazi ile ilimchosha Tashtiti. Kuna siku ulimi wa Twiga ulimbeba hadi karibu na koo, akaponea kwenye jino. Alipotoka, akiwa amelowa mate mwili mzima, aliwaambia wenzake kwamba kuuma ni ujinga. Mwizi unamuuma leo ili umuume tena kesho? Yeye atawamaliza kwa siku moja, tena bila kufungua meno.

Akili yake ilikuwa kwenye milango. Kila chumba kilikuwa na tundu ambalo sisimizi walilitoboa wapate kuingia, na upepo ukipita kwenye matundu yale, vyumba vyote vilipiga mluzi: fyuuu, fyuuu. Wapangaji walikwisha kuuzoea, hawakuusikia tena. Lakini Twiga na Tembo, kwa kuwa hufika wakitafuna na kuondoka wakipiga chafya, hawakuwahi kuusikiliza hata mara moja.

Siku ya upepo mkali Tashtiti aliwaagiza wenzake wasitoke kabisa. Bibi Tembo alifika, akashangaa hakuna aliyemuuma, akatulia. Ndipo akasikia. Twiga naye alikuwepo, akasikia, akauliza ni nani huyo.

Tashtiti alisimama kwenye ncha ya mwiba, akanong'ona kama mtu anayeogopa kuamsha mgonjwa. "Huyo ni Mpiga Mluzi. Amehamia jana. Sisi wenyewe tumejifungia. Anakula vitu virefu tu: mikonga na shingo."

Bwana Twiga hakuaga. Bibi Tembo aligeuza ukoo wake wote, na tumbutumbu, tumbutumbu, vumbi likapanda mpaka ng'ambo ya mto. Hawakurudi kesho yake, wala mwezi ule, wala ulioufuata.

Sisimizi walimbeba Tashtiti juu juu wakaimba. Akakubali kuimbiwa. Akawaeleza tena na tena jinsi alivyofanya, na kila alipoeleza Tembo walizidi kuwa wengi na yeye alizidi kusimama karibu nao.

Mambo yalianza kugeuka polepole. Kwanza matone ya uji yalipungua, yakawa chini ya baadhi ya majani tu. Kisha yakawa membamba kama jasho la mbu. Chumba kipya hakikuota, na vya zamani vilipopasuka havikuzibwa. Tashtiti alipanda hadi kwa Mama Mgunga kudai haki ya wapangaji, akakumbusha kwamba wao ni walinzi hodari waliomaliza wezi wote wa mbuga.

Mama Mgunga hakuwa na ugomvi. Alijibu taratibu, kama unavyojibu mti. "Ndiyo, mwanangu, mmewamaliza. Sasa niambie, nikulipe ulinde nini? Uji ule naupika kwa jua langu na kwa maji ninayoyatafuta kwa shida. Sijaguswa na ulimi wa mtu miezi hii, majani yangu yametimia. Acha nami nipumzike."

Tashtiti akashuka kama alivyopanda, bila hata tone.

Njaa iliingia vyumbani. Watoto walilia, malkia akapunguza mayai. Wenye nguvu walifunga virago wakaenda kutafuta mti mwingine wenye mwizi. Waliobaki walikuwa wachache na wadhaifu, na mdudu Dundu alipofika na familia yake kubwa, hakuna aliyeweza kumsukuma chini. Dundu huyu hakutaka majani. Alitaka mbao. Alitoboa gome, akaingiza watoto wake wanene weupe, nao wakaanza kula kuelekea moyoni: kwaruu, kwaruu.

Na chini, pale Tembo walipozoea kusimama, ardhi ilikauka ikapasuka. Zamani kila mgeni aliyekula aliacha rundo lake la mavi kabla ya kuondoka, na mvua ikija mizizi ya Mama Mgunga ililipata likiwa limeiva. Sasa palikuwa na vumbi tu. Majani ya juu yakageuka manjano. Mama Mgunga alisema ni uzee. Tashtiti alilala akiisikia kwaruu ile kupitia ukuta wa chumba chake, na alijua si uzee. Aliyeufukuza ulinzi wa nyumba hii alikuwa yeye mwenyewe, alipowafukuza wezi.

Mti ukianguka, malkia na watoto wataanguka nao. Basi Tashtiti alikaa akafikiri, na safari hii hakumwambia mtu kwamba anafikiri. Asubuhi aliwaita wenzake waliobaki, akawafundisha kazi: matundu na nyufa za vyumba vilivyohamwa waziziba kwa vumbi na mate, na atakaporudi na wageni, kila mmoja asimame mlangoni na kichwa chake kikubwa akizibe kile kitundu, usipite upepo wala unywele. Halafu akasubiri Swala aliyekuwa anakwenda mtoni, akapanda sikioni, akavuka.

Ng'ambo alikuta maajabu. Huko miti haikuwa na walinzi. Tembo na Twiga walipofika walikula bila kuumwa, na kwa kuwa hakuna aliyewafanya wasogee, walisimama pale pale hadi walipofika kwenye kisiki. Sasa palikuwa peupe kama uwanja. Bibi Tembo alikuwa anatafuna mizizi mikavu, ngozi imemlegea kama shuka la kuazima. Bwana Twiga alitazama mbali, na safari hii alikuwa anatazama kweli.

Tashtiti alishuka, akajipaka vumbi kichwani, akasimama mbele ya mguu wa Bibi Tembo kwa unyonge.

"Shikamoo, bibi. Nimeletwa na habari nzito. Mpiga Mluzi ametutoka."

Sasa jueni jambo moja, wadogo zangu. Tembo hakosi msiba. Akipita penye mifupa ya mwenzake atasimama, ataigusa kwa mkonga, atakaa kimya. Tashtiti alilijua hilo, ndiyo maana alileta msiba. Bibi Tembo alitikisa masikio, akatoa pole, kisha akasema kwamba marehemu hakuwa ndugu yake. Kwa kweli ndiye aliyemkimbiza.

"Ndiyo maana nimekujia wewe wa kwanza," alisema Tashtiti. "Waliokimbizana ndio watani. Utani wote ulianza hivyo: babu walipigana, wakachoka, wakaanza kucheka. Marehemu hana mtani mwingine ila nyinyi wawili. Na msiba usio na watani, bibi, nani atawachekesha wafiwa? Nani atakula cha msiba bila kuombwa?"

Bibi Tembo aliuliza ni chakula gani hicho. Tashtiti alisema kwa huzuni kwamba ni majani, yametimia, hayajaguswa miezi.

Bwana Twiga, aliyekuwa amesimama mbali kidogo, aliinamisha shingo haraka hadi watu wangedhani imekatika. Alitaka kujua kama marehemu amekufa kabisa au amekufa nusu. Akajibiwa aende akasikilize mwenyewe.

Basi wakavuka. Walipokaribia walitembea kwa ncha za miguu, na Bibi Tembo, kwa uzito wake wote, hakuvunja hata kijiti. Upepo ulikuwa unavuma vilevile kama siku ile. Wakasikiliza. Kimya. Katika kila tundu lililobaki kulikuwa na kichwa cha sisimizi, macho yakimtoka, akiuzuia upepo kwa paji la uso.

"Amekufa kweli," alisema Bwana Twiga, na akaanza kutimiza wajibu wa mtani.

Bibi Tembo alivunja tawi la kwanza. Mama Mgunga, aliyekuwa amesinzia katika uzee wake wa uongo, alizinduka. Akavunjiwa la pili. Aliwaita walinzi, akawaita kwa njia pekee ambayo mti unaiweza: uji ulichuruzika chini ya kila jani, mzito, mtamu, kama siku za zamani. Harufu ikaingia kila chumba.

Hapo mpango wa Tashtiti ulifika mwisho wake, kwa sababu hakuna sisimizi mwenye njaa atakayeziba tundu kwa kichwa huku uji unadondoka nje. Walitoka wote. Wakanywa, wakapata nguvu, wakakumbuka kazi yao, wakaenda puani. Na milango ikabaki wazi.

Fyuuu.

Bwana Twiga aliganda, jani limening'inia mdomoni. Bibi Tembo hakukimbia. Alikuwa na sisimizi kumi puani na tumbo lenye njaa ya miezi, na mtu wa hivyo hakimbii upesi. Aliinua mkonga, akaweka ncha yake kwenye tundu moja. Mluzi wa tundu lile ukakatika. Akautoa. Fyuu. Akaweka tena.

Akamtafuta Tashtiti kwa macho, akamwona kwenye mwiba.

"Kumbe Mpiga Mluzi ni mlango," alisema.

"Ni mlango, bibi."

"Na mimi nimewahamisha wajukuu zangu kwa ajili ya mlango."

Aliegemeza paji la uso kwenye shina. Mti ule, uliotobolewa na Dundu, ulilia kwa ndani, kraa. Msukumo mmoja ungetosha, na Tashtiti aliona hivyo, na wenzake waliona. Hakukimbia, wala hakujipaka vumbi tena.

"Bibi, umekula cha msiba," alisema. "Umekula mwenyewe, mbele yangu, na tonge bado liko mdomoni. Ukishakula ni mtani. Na mtani hanuni."

Bibi Tembo alitafuna kile kilichokuwa mdomoni, kwa sababu ilikuwa aidha akiteme au akubali, na kilikuwa kitamu. Akameza. Tumbo lake likaanza kutikisika, halafu masikio, halafu yeye wote, na wajukuu wakajua kwamba bibi anacheka.

Kisha aligeuka, akaelekeza makalio kwenye shina la Mama Mgunga, akaangusha rundo kubwa lenye mvuke ambalo lilifunika mizizi yote ya upande ule.

"Rambirambi zangu hizo," alisema. "Za mtani." Bwana Twiga, asitake kuonekana bahili, akaongeza zake ndogondogo. Halafu, maana pua zilikuwa zinawaka, wakaenda kula mti wa mbele.

Sisimizi waliokunywa uji walimshukia Dundu na watoto wake wakawatoa mmoja mmoja. Mvua ilipokuja, rambirambi zikazama mizizini. Vyumba vipya vikaota. Kuanzia siku hiyo Tembo na Twiga wanakula kidogo, wanaumwa kidogo, wanatukanana kidogo, wanaondoka na kurudi. Tashtiti alirudi kwenye zamu, akauma kama wengine, ingawa bado anasema yumo kwenye mipango. Anayebisha na aende kwenye udongo mweusi siku ya upepo asikilize, marehemu yupo anapiga mluzi mpaka leo.

Nanyi mkitaka kumfukuza jirani anayewala na kuwaudhi, angalieni kwanza ni kwa sababu ya nani chungu chenu kimekaa jikoni.