Kindi Aliyekuja Kuaga

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walikuwa na ghala moja la mbegu. Mvua za kupandia zilipokaribia, wakalifungua. Lo! Njugu zote hazipo!

Ngiri, mlinzi wa ghala, akasema, "Nilimwona Kindi akitokea dirishani."

"Afukuzwe!" wakapaza sauti wote.

Mzee Tembo akakata shauri kwamba Kindi ahame kabla jua halijazama. Desturi yao ilikuwa hivi: hukumu ikishatoka, hakuna kujitetea. Lakini kuaga majirani hakukatazwi.

Kindi akaja na mzigo wake wa nguo kichwani, macho mekundu.

"Sikuja kujitetea, baba zangu na mama zangu. Nimekuja kuaga. Kwaheri, kaka Nyati. Kupe wa masikioni mwako sijui atawatoa nani."

Nyati akashusha pumzi, "Fuuu!"

"Kwaheri, bibi Kobe. Ukipinduka chali tena, piga kelele kwa nguvu, maana nitakuwa mbali."

"Uuwi, mjukuu wangu!" Kobe akalia.

"Nawe Bwana Ngiri, kwaheri. Jamani, Ngiri ni mkweli. Mlimpa ufunguo yeye peke yake, naye akalala humo humo ghalani. Tumbo lake limenenepa mwaka huu wa njaa, lakini hiyo ni afya tu. Msimfikirie vibaya."

Wote wakalitazama tumbo la Ngiri.

"Anajitetea huyo!" Ngiri akafoka.

"Anaaga," akasema Tembo. "Hebu mwache mtoto wa watu aage."

"Ngiri ni mkweli," Kindi akarudia, akijifuta machozi kwa mkia. "Ndiyo maana hakuna aliyemkagua."

Sauti ikatoka nyuma, "Kweli, nani alimkagua?"

"Mwizi ni Ngiri!"

"Mla mbegu! Mkamateni!"

Ngiri akatimua mbio, kwata-kwata-kwata, mkia wima.

Wakamshangilia Kindi, wakamsihi asihame. Nyati akasema, "Dada, mzigo huo nitakubebea mimi mpaka kwako."

"La, kaka, usijisumbue! Ni mwepesi!"

"Nijisumbue nini!" Nyati akautundika kwenye pembe yake.

Chwaa! Kitambaa kikachanika. Njugu zikamwagika, parapara-parapara, miguuni pa Mzee Tembo.

Wote wakainama kuzitazama. Walipoinua macho, Kindi alikuwa juu mtini, kwenye tawi jembamba kuliko yote, na huko ndiko anakoishi mpaka leo.

Njugu wakaziokota, wakapanda. Ngiri walimwita sana arudi wamwombe radhi, lakini kila akisikia wanyama wamekusanyika, husimamisha mkia akakimbia.

Basi wanangu, maneno ya mtu yakikutoa machozi, lia, lakini na mzigo wake ufunguliwe.