Mchoraji Aliyekataa Kumvika Upanga Asiyevikwa

Wametusimulia wema waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji wa Istanbul, zama za utawala wa Kiosmani, alikuwako mchoraji mcha Mungu aitwaye Muslihudini. Kazi yake ilikuwa kuchora kitabu cha ukoo wa kifalme. Katika kitabu hicho, mwana aliyeonyeshwa akivikwa upanga mbele ya kiti cha enzi ndiye mrithi, na makadhi na majemadari waliitazama picha hiyo kama hati.

Sultani alimvika upanga mwanawe mkubwa, Selami, faraghani mbele ya watu wachache, na Muslihudini aliliona jambo hilo kwa macho yake. Haukupita muda, sultani akapooza, hata ulimi ukamwia mzito. Ndipo waziri wake, aliyetaka kutawala kwa mgongo wa mwana mdogo, Bahadiri, akamwendea mchoraji karakanani.

"Ustadhi, mchore Bahadiri akivikwa upanga."

"Bwana wangu, aliyevikwa ni Selami."

"Ni wino na dhahabu kidogo tu. Nani atakuuliza?"

"Ataniuliza Aliyeuumba mkono huu. Sitachora."

Waziri akamvua cheo, akamweka kwenye kazi ya kusugua karatasi kwa jiwe ili ziwe laini, tangu asubuhi hadi alasiri. Ukurasa wa picha hiyo akapewa mchoraji mwingine, naye akauchora kama alivyoamriwa.

Mkewe Muslihudini, Bibi Dilshadi, alipoona vidole vya mumewe vimechubuka, alimuuliza, "Umejuta?"

"Vidole vinauma, mke wangu. Moyo hauumi."

"Basi sugua. Mimi nitafuma, tutakula."

Wakasubiri hivyo miaka miwili, hata sultani akafariki. Waziri akauweka ule ukurasa mbele ya baraza, Selami na Bahadiri wakiwapo. Bahadiri akautazama kitambo, kisha akaagiza Muslihudini aitwe. Mzee akaingia, mikono ina vumbi la karatasi. Walinzi wa waziri walisimama mlangoni, naye akajua huenda asitoke hai.

"Siku ile ulikuwapo," alisema Bahadiri. "Nani alivikwa upanga?"

"Kaka yako, mwanamfalme. Nawe ulisimama nyuma ya nguzo, unalia."

Bahadiri akainamisha kichwa.

"Nililia kwa husuda. Nilidhani hakuna aliyeniona ila Mungu."

Akauchana ukurasa, akapiga magoti mbele ya Selami, akambusu mkono na kumpa ahadi ya utii. Selami akamwinua, akamkumbatia ndugu yake. Waziri akauzuliwa siku hiyohiyo, na Muslihudini akarudishiwa kalamu zake.

Enyi ndugu zangu, mzee yule hakujua kwamba aliyemuuliza alikuwa akiitafuta kweli. Alijibu akidhani anajibu kwa shingo yake. Nasi tumuombe Mola atuthibitishe ndimi zetu siku tutakayoulizwa, na walinzi wamesimama mlangoni.